Kumfundisha mtoto kusoma ukiwa nyumbani: mwongozo kamili kwa mzazi wa Dar

Kabla hujaendelea huku chini fanya kitu kimoja. Mchukue mtoto wako wa nasari au darasa la kwanza, yule anayepiga "ba be bi bo bu" mpaka majirani wanamsikia, mwandikie kwenye karatasi bu, be, ba, bo, zikae ovyo ovyo tu, afu mwambie asome. Wengi watakuimbia ba be bi bo vilevile huku kidole kiko kwenye bu. Au mpe kitabu chake cha shule kile anachokisoma chote bila kukosea, ziba picha kwa mkono, mwonyeshe neno moja katikati ya mstari. Akikuangalia usoni badala ya kuangalia neno, basi amekariri, kusoma bado.

Mwalimu wake usimlaumu sana. Shule nyingi za serikali huku pembezoni watoto 100 na kitu darasa moja ni jambo la kawaida, na darasa la hivyo kuimba kwa pamoja ndo kunakoshika utulivu, yule mmoja anayefungua mdomo bila kujua kinachosomwa hawezi kuonekana. Nyumbani una mmoja au wawili, kwahiyo kazi ya kumsikiliza mmoja mmoja inakuwa yako. Dakika 15 kwa siku zinatosha kabisa, ila ziwe za kila siku, sio Jumapili masaa mawili afu wiki nzima kimya.

Hatua ya 1: masikio kwanza

Hii watu wengi wanairuka na ndo inayokuja kuwatesa baadae. Mtoto kabla hajaona herufi yoyote anatakiwa asikie kwamba neno linakatika vipande. Mtu mzima tunaona ni jambo la wazi, ila kwa mtoto wa miaka minne "chapati" ni kitu kimoja kinachonukia vizuri, hajui kama kina vipande ndani.

Hamna haja ya karatasi. Mko kwenye daladala, foleni haisogei, pigeni makofi: Te-me-ke, matatu. U-bu-ngo, matatu. Ka-ri-a-ko-o, matano, na hapo wengi wanapiga manne sababu ile o ya mwisho inamezwa, mwache mbishane kidogo, kule kubishana ndo kusikiliza kwenyewe. Akizoea makofi mpeleke kwenye kutoa: "ndala, ukitoa nda inabaki nini?" La. "Sufuria ukitoa su?" Furia, atacheka, endelea. Afu sauti ya mwanzo: mtajie sahani, sinia, sufuria, mwiko, muulize nani amejichanganya hapo.

Na kama una watoto wakubwa wanaoongea kinyume mtaani, wale wanaogeuza maji yanakuwa jima na kaka mkubwa hawaelewi wanasema nini, usiwakataze. Mtoto anayeweza kuongea kinyume kwa kasi ameshazikata silabi kichwani bila kufundishwa na mtu, huyo kusoma kutamjia haraka. Mimi mtoto akija jioni kwenye tyusheni namuuliza kwanza kama anajua kinyume kabla sijamtolea daftari.

Hatua ya 2: sauti ya herufi, jina lake baadae

Hapa ndo Dar tunapoharibu. Mtoto ana miaka mitatu ameshaimba ei, bii, sii, dii yote kutoka kwenye simu, tunampigia makofi, wageni wakija anaitwa aimbe. Sawa, ni wimbo mzuri. Ila akija kukutana na "embe" anasoma "imbe", "ita" anasoma "aita", sababu ameambiwa e ni ii na i ni ai. Unakuta mtoto ana akili zake timamu ila anahangaika na maneno ya herufi tatu, na mzazi anasema huyu mzito.

Kiswahili kina irabu tano, a e i o u, na kila moja ina sauti moja tu popote utakapoikuta, mwanzoni mwa neno, katikati, mwishoni. Hii ni zawadi kubwa mno. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Philip Seymour walilinganisha watoto wanaoanza kusoma kwenye lugha 13 za Ulaya, wakakuta wanaosoma Kiingereza wanachukua zaidi ya mara mbili ya muda kufika pale ambapo wenzao wa lugha nyingi zile walikuwa wameshafika. Kiswahili hakikuwemo kwenye ule utafiti ila kiko upande wa kina Kifini na Kiitaliano, unachosikia ndo unachoandika. Sasa kwanini umpe mtoto ugumu wa Kiingereza kwenye lugha ambayo haina huo ugumu?

Kwahiyo anza na irabu tano, herufi ndogo, na ukimuonyesha e sema "e" kama kwenye embe. Usichukue zote siku moja. a na i kwanza maana zinatofautiana sana kwa macho na kwa mdomo, afu u, afu o na e. Kwa irabu peke yake tayari anaweza kusoma maneno ya kweli: ua, au, oa. Mtoto anayesoma neno lake la kwanza siku hizo za mwanzo anaringa nyumba nzima, na huo ndo mtaji wenyewe.

Konsonanti anza na zile zinazovutika mdomoni: m, s, l, n. Sema "mmmm", usiseme "em" wala "ma". Ukivuta mmmm afu ukadondokea kwenye a, mtoto anasikia mwenyewe ma inavyozaliwa. Herufi kama b, t, k hazivutiki, ukilazimisha unasema "bə" yenye mkia (hiyo ə ni kasauti kafupi ka kuguna) na mtoto anakuja kusoma "bəaba", kwahiyo hizo ziache mpaka aelewe mchezo wa kuunganisha, afu mpe moja kwa moja ndani ya silabi. Q na X hatuna kazi nazo kwenye Kiswahili, na C haisimami peke yake, inakuja na h yake, usipoteze muda huko.

Hatua ya 3: vizibo vya soda

Vifaa vya dukani ni vizuri ila sio lazima. Omba vizibo vya soda dukani kwa Mangi, viloweke kwenye maji na sabuni, vikikauka kata vijikaratasi vya duara, bandika kwa gundi upande wa ndani, andika herufi na makapeni. Irabu wino mwekundu, konsonanti mweusi. Kama kuna mdogo wake anayetambaa vifungie juu, kizibo na mtoto wa mwaka mmoja havikai pamoja.

Mezani, au kwenye mkeka, inakuwa hivi. Unaweka m, unaweka a mbali kidogo.

"Hiki kinasemaje?"
"Mmmm."
"Na hiki?"
"A."
"Haya mwanangu, kisogeze m taratibu kiende kwa a, na mdomo uende nacho."
"Mmmmm... a. Ma!"
"Sasa toa a, weka i."
"Mmmm... i. Mi!"
"Leta ma nyingine tuiweke hapa mwisho."
"Mi... ma. Mima!"
"Mima ni nini?"
"Hamna kitu kama hicho, mama."
"Ipo, umeisoma wewe."

Ona alichofanya huyo. Kasogeza sauti kwa mkono wake, kaunganisha, na kasoma neno ambalo halipo, maana yake hakukariri popote. Neno la uongo ndo kipimo bora kuliko vyote nyumbani, lomi, sanu, nelasu, tunga mwenyewe yoyote. Anayesoma nelasu atasoma chochote.

Kwa m, s, l, n na irabu tano una silabi 20, na maneno ni mengi kuliko unavyodhani: simu, sema, lala, nane, nusu, lima, sumu, simama, maneno, sanamu. Majina pia, Amina, Salama. Ukiongeza k, t, b unapata kitabu, kabati, bakuli, kalamu, tikiti, koti, boti. Usikimbilie herufi mpya kama silabi za zamani bado zinasuasua, na kila siku changanya za jana na za juzi zikiwa zimevurugwa, usimpe kwa mpangilio wa ma me mi mo mu maana ataimba. Ule mpangilio una faida yake siku ya kwanza tu, aone irabu zinavyobadilishana, baada ya hapo vuruga.

Kidokezo cha watoto wanaoenda madrasa: hao wameshazoea herufi moja kubadilika sauti kwa alama za fatha, kasra na dhumma, ba bi bu. Mwambie ni mchezo uleule ila huku irabu imekaa pembeni ya herufi badala ya juu na chini, na tunasoma kuanzia kushoto. Wengine wanashika siku hiyohiyo. Wengine wanaanzia kulia kwa wiki kadhaa, hamna shida, mwekee nukta nyekundu pale pa kuanzia.

Hatua ya 4: pale wanapokwama

Zipo sauti moja zinazoandikwa kwa herufi mbili: ch, sh, th, dh, gh, ny. Na zipo zinazobebana, mb, nd, nj, nz, mv, ng, afu na w na y nazo zinapanda juu: mw, bw, kw, vy. Hapa watoto wengi wanakaa miezi, na wazazi wengi wanakata tamaa hapa wanaanza kufoka. Mpe kila mkusanyiko kama kizibo kimoja, yaani "ch" iandikwe kwenye kizibo kimoja, sio c kivyake na h kivyake. Mpe moja kwa wiki.

Ile m ndo mtego. Kwenye mtoto inasimama peke yake, m-to-to, makofi matatu. Kwenye mbuzi imebebwa, mbu-zi, mawili. Kwenye mbunge inasimama tena, m-bu-nge. Usianze kumpa kanuni za sarufi, hata wewe huzikumbuki, rudi kwenye makofi ya Hatua ya 1, sikio lake linajua jibu sababu ameongea Kiswahili tangu azaliwe. N nayo inafanya hivyohivyo, n-chi, n-ne, lakini ndi-zi.

Ng na ng' zitofautishe kwa ngoma na ng'ombe, mwambie kile kialama cha juu ni pembe ya ng'ombe. Haisahauliki.

Suala la l na r. Kama nyumbani kwenu mnasema "kura chakula" na "kulala" inakuwa "kurara", mtoto ataandika anavyosikia na yuko sahihi kwa masikio yake. Usimcheke. Mwandikie jozi, kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari, mchore picha pembeni, aone kwamba herufi ikibadilika kitu kinabadilika. Dh na z vilevile, th na s vilevile, hizo zinachukua miaka na sio za kugombania darasa la kwanza.

B na d akizigeuza na yuko chini ya miaka saba, kawaida kabisa.

Hatua ya 5: kasi

Mtoto anayesoma "ki... ta... bu... ki... na..." akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo, nguvu yote imeishia kwenye kuunganisha. Dawa yake ni kurudia aya ileile fupi siku tatu nne mfululizo. Siku ya kwanza wewe unasoma yeye anafuata kwa kidole, ya pili mnasoma pamoja, ya tatu anasoma peke yake. Ndiyo, ataanza kuikariri, kwahiyo siku ya nne chukua maneno yaleyale utunge sentensi nyingine kwenye daftari.

Akikosea neno usimrukie. Hesabu kimoyomoyo mpaka tatu, wengi wanajirudi wenyewe. Asipojirudi mwonyeshe silabi iliyomtatiza tu, usimsomee neno zima. Na tafadhali, rula, kandambili na "mbona mwenzio wa jirani anajua" hiyo haimfundishi mtu silabi hata moja, inamfundisha kuogopa daftari.

Hatua ya 6: kuelewa, na hapa kaa sana

Uzuri wa Kiswahili ndo mtego wake. Kwa vile kinasomeka kirahisi, mtoto anaweza kusoma ukurasa mzima kwa sauti kama mtangazaji na asiambulie chochote. Mpe gazeti la biashara atakusomea "ukwasi" na "amana" vizuri tu. Wazazi tunafurahi, tunafunga kitabu.

Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka hili vizuri: kusoma ni uwezo wa kufumbua maandishi ukizidishwa na uwezo wa kuelewa lugha. Ni kuzidisha, sio kujumlisha. Upande mmoja ukiwa sifuri, jibu ni sifuri hata upande wa pili uwe mkubwa vipi. Kwahiyo wakati unahangaika na vizibo, upande wa pili unatakiwa uwe unakua tangu akiwa mdogo kabisa, na huo haukui kwa vitabu peke yake, unakua kwa maongezi.

Vitendawili, kwa mfano. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu haina mlango. Mtoto kufika kwenye yai lazima ashike picha ya nyumba kichwani, aondoe mlango, atafute kitu kingine kinachofanana, hiyo ndo kazi ileile anayoifanya msomaji akikuta jambo ambalo halijasemwa wazi. Bibi akija kutoka Lindi au Kilosa mwachie usiku wa hadithi, tivii zima. Na yeye mtoto asimulie ya kwake: alichoona njiani, nani kagombana na nani genge la mboga, ilianzaje, ikaishaje.

Kwenye kusoma kwenyewe, usiulize maswali ya jibu lililoandikwa tu. "Sungura alienda wapi?" ni sawa kwa kuanzia. Afu uliza "kwanini alienda usiku?", "unadhani fisi anajua?", "ingekuwa wewe?". Simama katikati ya hadithi umuulize kinachofuata kabla hamjafunua ukurasa. Na kamata maneno ambayo mtoto wa mjini hayajui, maana vitabu vimejaa zizi, kisima, ghala, konde, na mtoto wa Sinza zizi hajawahi kuliona. Mchoree, au siku mkienda kwa ndugu Kisarawe au Bagamoyo mwonyeshe.

Wapi upate vya kusoma

Anza na vilivyopo. Kanga ya mama ina jina limeandikwa kwa herufi kubwa, sentensi moja fupi yenye maana iliyojificha, mtandikie kitandani asome, afu mjadiliane nani ameambiwa vile. Kibao cha daladala, bango la duka la dawa, "lipa namba" kwa wakala, pakiti ya unga. Hapo ndipo atazoea herufi kubwa bila somo maalum.

Vitabu vya shule vya serikali vipo bure kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. African Storybook nao wana hadithi za watoto za Kiswahili zilizopangwa kwa ngazi, bure, unaweza kuprinti steshenari ya mtaani kwako kurasa chache chache. Na Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed ina sehemu ya watoto, Jumamosi moja moja mpeleke tu aone kwamba kuna watu wazima wamekaa kimya wanasoma bila kulazimishwa na mtihani.

Kama unarudi nyumbani saa mbili usiku na mtoto ameshasinzia, mfundishe dada wa kazi hii ya vizibo na makofi. Sema naye kwa heshima, mwonyeshe mara mbili tatu, mpe muda wake wa kuifanya ambao hana vyombo vinavyomsubiri. Wengine wenyewe wanakuja kuongeza kasi ya kusoma huku wanafundisha.

Kuandika, na wale wa ingilishi midiamu

Kuandika kuende pamoja na kusoma toka mwanzo. Akijua ma, aandike ma, kwenye mchanga, kwenye daftari, kwa chaki sakafuni. Mtajie neno, akate kwa makofi, aandike kila kofi. Mwandiko mzuri utakuja, sasa hivi tunataka sauti sahihi.

Shule ya Kiingereza haikuzuii kumfundisha Kiswahili kwanza nyumbani, na mimi nashauri hivyo hata kama shule inakwambia muongee Kiingereza tu. Kuunganisha sauti anajifunza mara moja, kwenye lugha anayoielewa, akienda kwenye Kiingereza m, s, l, n, b, f, t zinabaki zilezile, za kuhangaika nazo zaidi ni irabu. Mtenganishie: daftari la Kiswahili rangi yake, la Kiingereza rangi yake, na siku za mwanzo yasifunguliwe saa moja.

Ukiona hasogei

Mtoto amemaliza darasa la kwanza, umekuwa unakaa naye kila siku kweli kweli, na bado silabi za m na s zinampotea kesho yake. Anza na masikio na macho kabla ya kusema lolote kuhusu akili. Mwite akiwa amekupa mgongo, kwa sauti ya kawaida, uone kama anageuka. Angalia kama anasogeza daftari puani au anakunja jicho akiangalia ubao. Hospitali za rufaa za mkoa, Amana, Temeke, Mwananyamala, ndo pa kuanzia kupima. Vyote vikiwa salama na bado sauti hazishikamani na herufi, inawezekana ana disleksia, yaani ugumu wa kusoma usiotokana na kukosa akili, hasa kama kwenye ukoo kuna watu walioteseka na kusoma, na watoto wa hivyo wengi wanasoma vizuri tu wakipewa hatua hizihizi kwa vipande vidogo zaidi na marudio mengi zaidi. Mwalimu wa darasa mwambie mapema, mwombe amkalishe mbele, na mpelekee ile karatasi ya silabi zilizovurugwa ukiwa umezungushia duara zile anazokosea.